Maharage ya Akiba

Mwenye hoteli yetu pale Bariadi alikuwa amezionja foleni za sukari, na foleni hizo hazikumtoka moyoni. Enzi za ruksa, za biashara huria, zilipoingia, malori yakawa yanashusha mchele, sukari na maharage karibu kila wiki, lakini yeye alizidi kununua kana kwamba kesho maduka yote yanafungwa. Mimi ndiye niliyeshika funguo za stoo. Kila mzigo mpya ukifika, wapagazi waliubwaga mlangoni, na ule wa zamani ukasukumwa ukutani kwa panya.

"Mzee," nilimwambia, "cha zamani kitangulie kutoka. Maharage ya kule nyuma yanabunguliwa."

"Ile ni akiba," akasema. "Akiba haiguswi."

Nikampelekea habari mpishi, mama mmoja wa Nkololo mwenye mwili na maneno. Alifikiri kidogo huku akisonga ugali.

"Kama ni akiba yake, si aile mwenyewe?"

Basi tukawa na sufuria mbili. Wageni walipikiwa maharage mapya. Mzee, aliyekula mchana peke yake kwenye meza ya dirishani, akapikiwa ya zamani. Siku ya kwanza alitafuna mpaka mishipa ikamtoka.

"Maharage gani haya yanagoma kuiva?"

Mpishi akamjibu kwa upole kwamba hayo ndiyo yenye nguvu mwilini. Nilikimbilia uani nikacheka.

Msimu wa pamba ukafika, na wanunuzi binafsi wakajaa vyumbani. Mmoja wao alikuwa bwana mkubwa kutoka Mwanza, na Mzee alitaka bwana huyo alaze kundi lake zima kwetu. Akamkaribisha mezani kwake, akatuagiza, "Mleteeni chakula kilekile ninachokula mimi."

Tukatazamana. "Amri ni amri," mpishi akanong'ona, akapakua.

Yule bwana aliyageuza maharage kwa kijiko, akatoa mdudu, akamweka ukingoni mwa sahani. Akatoa wa pili, akampanga kando ya mwenzake.

"Mzee," akauliza taratibu, "siku hizi mnachanganya na nyama?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mzee akaja stoo anahema.

"Yale maharage yametoka wapi?"

"Kwenye akiba, Mzee."

Alinitazama sana. Mimi nikatazama dari. Kisha akavua koti, akalitundika kwenye msumari, akaanza kuburuta magunia mwenyewe. Kufika jioni, magunia yote ya zamani yalikuwa mbele, naye amejaa vumbi kama mtu wa mashine ya kusaga. Bahati yake, mgeni alipelekewa mbuzi wa kuchoma, akatulia, na kundi lake likalala kwetu.

Tulidhani tumeshinda. Asubuhi Mzee akaingia jikoni anatabasamu.

"Haya maharage yasipotee bure," akasema. "Wafanyakazi mtayamaliza ninyi."

Tukayachambua, tukayatia magadi, tukayachemsha tangu asubuhi. Mchana mpishi alipakua kwanza sahani yangu, akaijaza pomoni, mabega yakimcheza kwa kicheko.

"Kula, mayu," akaniambia, akiniita mama kwa Kisukuma. "Yana nguvu."