Ruta ndani ya Sanduku la Bati

Naikumbuka vizuri siku niliyofungia Wi-Fi ndani ya sanduku la bati na kuweka kufuli, mwanangu, kwa sababu mke wangu hajaniruhusu kuisahau. Ninaposema Wi-Fi nina maana ya kile kisanduku chenye taa ndogo, ruta, kinachogawa intaneti kwa simu za nyumbani. Nilitoboa tundu pembeni mwa sanduku, nikapitisha waya, nikashusha kifuniko, nikatandika juu yake kitambaa cha kufuma, na juu ya kitambaa nikaweka chupa ya chai. Nikarudi nyuma hatua mbili kutazama kazi yangu. Nilijiona fundi.

Usinicheke mbio, nilikuwa na sababu. Nilipokuwa kijana wa miaka kumi na mitano hivi tulitoka Mbau kwa haraka, na baba yangu alibeba sanduku la bati la vyeti kichwani, akaacha unga jikoni. Nikamwuliza, kwa ule mdomo wa ujana, kama jioni tutakula vyeti. Alisimama katikati ya barabara, watu wakitupita, akaniambia polepole: "Kambale, kitu ya maana inakaa mu sanduku. Ingine yote tutapata mbele." Na kweli, ndani mlikuwa na vyeti vya ubatizo, hati ya kiwanja na karatasi za shule zilizonifikisha mwisho wa sekondari. Tangu siku hiyo kila ninachokipenda nakitia sandukuni. Hata miwani yangu hulala humo, ndiyo maana kila asubuhi naitafuta nikipapasa.

Basi ruta ilipoingia nyumbani kwetu hapa Butembo, ingekaa wapi pengine?

Sasa sikia ilivyotaka kunivunjia ndoa ya binti yangu. Masika ni mtoto wangu wa kwanza. Jamaa ya mchumba wake walipanda gari kutoka Kipese, wamevaa vizuri, wamekuja na msemaji wao, mzee mmoja asiye na haraka. Kwetu unajua, mzee wa kiume anaweza kusema hata mate yamkauke. Kama songali, shangazi upande wa baba, hajatamka kwamba anakubali, bado hakuna lililosemwa. Songali wa Masika ni dada yangu Kahindo. Anakaa Beni, na mguu wake wa kushoto umekataa safari. Nikasema si shida, ataonekana kwenye simu. Simu tuliisimamisha juu ya meza, ikiegemea sahani ya karanga.

Kahindo akatokea, kajifunga kitambaa cha sikukuu. Msemaji akamwuliza kwa heshima kama anakubali. Dada yangu akageuza uso, akainua mkono, nadhani alitaka kufukuza nzi, na hapo hapo picha ikaganda. Uso umegeuka, macho yamefumbwa, kiganja mbele, kama mtu anayekataa sahani. Tulingoja. Picha haikutikisika. Wageni walimaliza chai yao. Mwishowe yule mzee akainuka akasema kwa sauti ya chini kwamba wameuona uso wa songali, na watu wazima hawahitaji kuambiwa mara mbili.

Nilimkimbilia mlangoni, mimi nisiyekimbia hata mvua. Nikamweleza habari ya mtambo, nikamwomba siku nyingine. Alinipa wiki mbili, kwa huruma zaidi kuliko kwa imani.

Nikampigia Kahindo, nikamwomba atamke neno lake kwa sauti tu. Kumbe na yeye alikuwa amekasirika: kwake sisi ndio tulioganda, akafikiri tumemkatia. Akanijibu, "Uliniita nionekane, nitaonekana. Ikikatika tena napanda moto, na mguu yangu hii." Moto ni pikipiki, mwanangu, na barabara ya Beni kuja huku siyo ya kumtakia dada yako mwenye mguu mmoja mzima. Kwa hiyo nilikuwa na wiki mbili za kuokoa ndoa na dada kwa pamoja.

Nilifanya kile ambacho mwanaume asiyejua hufanya: nilitoka kwenda kununua. Katikati ya mji nikakuta duka lenye ruta nyeusi, antena sita, imechutama kama buibui anayesubiri. Muuzaji aliisifu mpaka nikaona haya kwamba nimeishi bila hiyo. Nikarudi nyumbani kuchukua pesa. Zilikuwa sandukuni, bila shaka.

Masika ndiye aliyeshika mkono wangu juu ya kufuli. Ndoa ilikuwa yake, machozi yalikuwa haki yake, lakini sikuona tone. Alikuwa na daftari. Akasema, "Papa, tupime kwanza. Hatujue hata kama iko ngonjwa." Akanifanya nifungue kifuniko. Akasimama karibu kabisa na ruta, akampigia songali, akamwambia ni majaribio tu: picha ikapita safi, tukahesabu mpaka mikunjo ya kitambaa. Akafunga kifuniko, akaenda kusimama sebuleni: picha ikafa. Akafungua tena, ikafufuka. Aliandika kila kitu, mahali na saa, kama karani. Kisha akanitazama bila kucheka, na hilo ndilo lililouma, akaniambia, "Papa, intaneti inafika mu nyumba muzuri. Ni weye uliitia mu kifungo."

Ruta ikatolewa ndani ya bati na kupandishwa juu ya kabati, katikati ya nyumba, mahali pa wazi. Nilitaka angalau kuifunika kile kitambaa. Nilikatazwa, kwa kuwa nayo inapata joto kama mtu.

Ningesema basi, yameisha. Masika hakusema basi. Jioni, majirani waliporudi kutoka sokoni, alipima tena, na picha ikaanza kukwama. Akaangalia ni simu ngapi zimeshika kwetu. Zilikuwa kumi na saba, na nyumbani tuko watu wanne. Hapa pia lazima nikiri: neno la siri nilikuwa nampa kila aliyenisalimu vizuri. Mimi ni mtu wa nyumbani, safari yangu ndefu ni kutoka cherehani hadi jikoni, wageni nawapenda. Mama Soki, jirani yetu anayeuza maharagwe, alikuwa akitazama mahubiri kwa intaneti yetu kuanzia saa kumi na mbili mpaka usingizi umchukue, simu ikiendelea kuhubiri peke yake.

Nilitaka kuwafukuza wote siku hiyo hiyo. Binti yangu akakataa. Alisema watu hawa ndio watakaobeba viti siku ya arusi. Akageuza ruta, akasoma maandishi ya mgongoni, akatafuta habari zake. Ilikuwa mzee kweli: kiwanda kiliacha zamani kuipelekea marekebisho ya usalama, na haikujua kutenga mlango wa wenyeji na mlango wa wageni, kila mmoja na neno lake la siri. Hapo ndipo aliposema tununue. Siyo kabla.

Tulienda dukani pamoja. Mwanangu, ungemwona. Muuzaji akaanza na buibui wake, naye akamngojea amalize, kisha akamwuliza maswali matatu: kama inatenga wageni, kama kiwanda bado kinaipelekea marekebisho, na kama inakubali ile betri yetu ndogo ya sola umeme ukikatika. Yule bwana akaacha kusifu, akainama chini ya meza, akatoa kisanduku kidogo chenye antena mbili. Masika akaomba kiwashwe pale pale kwa betri tuliyokuja nayo, na ahadi kwamba kisipofaa kitarudi. Mimi nilibeba mfuko. Sijawahi kubeba mfuko kwa majivuno kama siku ile.

Jumamosi ya pili wageni wakakaa palepale. Majirani walikuwa kwenye mlango wao wa intaneti, sisi kwenye wetu. Kahindo akatokea, uso wote, na safari hii nzi hakuwepo. Akawaangalia mmoja mmoja mpaka yule mzee akatengeneza kola. Ndipo akasema, "Nimewaona, na nyinyi munione. Nimekubali. Mutoto ni wenu. Lakini mukimutesa, niko na mguu moja muzima, utatosha kuja nayo." Mzee wa Kipese alicheka mpaka akaomba chai ya pili.

Basi shika haya. Kabla ya kununua kipya, kitendee haki cha zamani: simama karibu nacho, kisha mbali, upime, uandike. Kipe nafasi ya juu na ya wazi, mbali na bati. Angalia ni nani anayekula pamoja nawe, na kama lazima utenge, tenga bila kumtia mtu aibu. Ukiona kweli kimechoka, nunua kinachojibu haja yako, siyo kinachokutisha kwa antena. Na ukiwa na mtoto aliyeshika daftari, nyamaza, mbebee mfuko. Baba yangu hakukosea kuhusu vyeti. Mimi ndiye niliyemsikia nusu, nikafungia hata kitu ambacho kazi yake ni kusema na watu. Mungu akupe nyumba ambayo sauti ya aliye mbali inaingia nzima, na akuwekee watu wa mbali wenye hamu ya kukuita.

Haya yote nimemsomea Mama Soki, amesimama upande wake wa ua akichambua maharagwe, nikitumaini atanisifu kidogo. Hakuinua kichwa. Alisema, "Papa Masika, ungejifungia weye mu sanduku, ruta ibakie inje. Arusi ingeisha zamani."