Kufuata Ukoo wa Ua la Shaba hadi Lukafu

Niliondoka Lubumbashi kwa ajili ya binti yangu Mireille, maana bila mimi asingefika Lukafu. Anasoma mimea chuoni. Alitaka majani ya ua la shaba, jamaa wa soji, lile jani la mapishi la Ulaya. Maabarani husoma jeni za jani wakajua nani mama wa nani, na ukoo ulipita njia gani. Mimi shule niliacha mapema, lakini ua hilo nalijua kuliko maprofesa: linapoota pana shaba chini; nilichimba, nikatajirika. Njia nzima, katika vumbi jekundu, nilimweleza hayo. Alikuwa ameshayasikia.

Lukafu tulipokelewa na Mama Kapya, mkulima wa muhogo. Maua yalijaa pembeni ya shamba lake, kando ya mawe meusi ya tanuru ambamo wazee wa zamani waliyeyusha shaba. Nikajitambulisha kama kawaida yangu: Patron Kazadi, bosi aliyefuata ua hili mpaka akajenga ghorofa Karavia, mtaa wa matajiri.

Mama akasema, "Kwa dada yangu balianza vile vile, na majani. Kisha mashine ikakuya, shamba ikaisha. Murudie kwenu."

Mireille alinitazama, hata polisi wa barabarani hawajawahi kunitazama hivyo. Kazi yake yote ya chuo ilikuwa pale. Akaketi chini karibu na Mama Kapya.

"Mama, sitafuti shaba. Ninatafuta hii ua iko mutoto wa nani."

"Na kama shaba iko chini?"

"Nitakuambia weye wa kwanza, mbele ya bantu bote."

Mama akafikiri. "Basi kamata majani. Lakini papa yako abakie mu motokari."

Nikabaki, mimi Patron, kama mzigo.

Majibu yalipotoka, tulirudi Lukafu kama Mireille alivyoahidi. Ua lile lilikuwa mtoto wa vilima vya upande wa Lubumbashi. Inaonekana mbegu zilisafiri na mawe ya shaba waliyobeba wale wazee wa tanuru. Udongo nao ulipimwa: shaba ni ya masalia ya tanuru, juu juu tu. Chini ni udongo wa muhogo.

Nusu ya maisha yangu nilidhani ua lile linaonyesha shaba ilipo. Siku ile nilijifunza kwamba linaonyesha pia watu walikopita.

Mama Kapya akasema sasa atalima mpaka penye mawe ya tanuru. Mireille akamuomba asing'oe maua yote.

Mama akayatazama. "Iko mutoto wa wageni," akasema. "Nitamuachia fasi ya kukaa."