Mkwe Wangu Alisema Amepata Choo

Admin, jina langu usiliweke, mashemeji zangu wote wako kwa hii page. Mimi ni mama wa miaka hamsini na sita, na kuna neno moja limenikaa kifuani tangu miaka ya tisini. Neno lenyewe ni choo. Mnaotaka kucheka, ngojeni kwanza nimalize.

Wakati huo tuliishi Mashimoni, Kibera. Mume wangu ni fundi wa mawe, alikuwa anatoka alfajiri. Baba yake alipopatikana na kansa ya tezi dume aliletwa kutoka Kakamega achomwe mionzi katika hospitali moja hapa Nairobi, na kumpeleka ikawa kazi yangu. Kwetu Waluhya, mkwe na mke wa mtoto hawashikani hata mkono. Nilitembea nyuma yake njia yote tukiongea habari za mvua.

Choo cha ploti yetu kilikuwa kimejaa, mwenye nyumba akakifunga. Jirani yetu Mkamba, Mama Mutua, alimhurumia mzee akampa ufunguo wa choo chake. Lakini choo hicho kilitazamana na mlango wangu, na asubuhi nilikuwa hapo nje nikiosha vyombo. Mzee mwenye heshima zake angeingiaje chooni nikimwona? Kumbe alikuwa anajizuia mpaka jioni giza liingie.

Kila siku kabla ya kuchomwa, nesi alimuuliza, "Mzee, umepata choo?" Baba aligusa mfuko wa koti akajibu, "Nimepata, daktari." Mimi niliangalia dirishani kwa aibu.

Matibabu yalipoisha alianza kutokwa na damu nyuma. Kansa nayo haikuisha. Siku ya kurudishwa Kakamega, ambako hakukaa sana kabla ya kufa, aliniita akaweka ufunguo mezani ili nisiupokee mkononi mwake.

"Mrudishie Mama Mutua," akasema. "Mwambie amenitoa aibu. Kila wakiniuliza kama nimepata choo, nilikuwa na jibu."

Hapo ndipo nilipoelewa. Nesi alikuwa anauliza kama ameenda haja, kama tumbo ni tupu. Baba alidhani anaulizwa kama amepata mahali pa kwendea. Kibera hilo ndilo swali la maana.

Sasa mume wangu amepatikana na ugonjwa ule ule, na amekataa mionzi kabisa. "Ile mashine ndiyo ilikula baba," anasema, na hakuna anayembishia. Daktari wake alinieleza kwamba tumbo lisipokuwa tupu mionzi inaweza kukosa shabaha na kuunguza utumbo, ingawa zamani hata waliofuata masharti wengine waliumia. Kwa hivyo sina hakika, na hiyo ndiyo inanitesa. Nikisikia tu komeo la choo likifungwa, namsikia mzee akijibu, nimepata.

Nikimwambia mume wangu, nitakuwa nimemvua baba yake nguo kaburini, na wifi zangu watasema mzee aliuawa na mlango wangu. Nikinyamaza, nitamzika mume kwa sababu ya swali ambalo halikueleweka.

Miadi yake ya mwisho ya kuamua kuhusu mionzi ni Jumatatu. Ndugu zangu, nishikeni mkono: maneno kama haya mke wa mtoto anayaanzia wapi?