Bi. Siwema azibua pua za watu kwa pua ya jirani

Saa moja asubuhi, nyungu ya Bi. Siwema Mbaruku inatokota nje ya nyumba yake, Rudewa, wilayani Kilosa. Ndani yake mna maji matupu. Thadeo, fundi seremala kutoka Kilosa mjini ambaye paji la uso linamgonga kwa wiki ya tatu, amekaa kwenye kigoda na blanketi mapajani.

"Mama, tunamsubiri nani?" anauliza.

"Tunasubiri pua," anajibiwa.

Pua inafika na kibuyu cha maziwa. Ni Namunyak, mama wa Kimasai ambaye familia yake inachunga ng'ombe kwenye tambarare jirani. Anatua mzigo, anafikicha majani ya mvumbasi na kunusa kila shina. Mawili anayatupa.

"Haya siyo. Mengine tia."

Hapo ndipo majani yanaingia kwenye nyungu, na Thadeo anafunikwa.

"Vuta taratibu. Joto likizidi, inua blanketi. Hapa hatushindani," Bi. Siwema anamwambia.

Mwanamke huyu wa miaka 52, anayefuatwa na wenye sainasi na mafua sugu hata kutoka Mikumi, hasikii harufu yoyote. Mganga hajigangi, walisema wahenga, na mwenyewe hucheka akikumbushwa.

"Sifichi. Namwambia kila mgonjwa kabla hajakaa," anasema.

Kwa miaka 16 alifanya kazi chumba cha brashi, zinakosafishwa nyuzi, katika kiwanda cha mkonge, vumbi la nyuzi likimjaa usoni kutwa. Pua ilianza kwa kuziba, kisha harufu zikapotea moja moja. Kiwanda kilipofungwa mwaka 1992, alirudi nyumbani na cheti cha utumishi na maumivu ya kichwa.

Alijifukiza kama alivyofundishwa na mama yake. "Maumivu yaliondoka, harufu haikurudi. Nikasema nusu ya nafuu ni nafuu."

Majirani wakaanza kuja. Dawa za madukani zilikuwa zimejaa kuliko zamani, lakini bei nayo ilikuwa imepanda. Leo anapokea watu sita au saba kwa siku, kwa shilingi 300 kila mmoja.

Nusura yote yaishie masika ya 1994, miaka mitatu iliyopita. Alichuma majani yanayofanana na mvumbasi kwa macho, akamfukiza Mathias, utingo wa lori. Uso wa kijana huyo ulivimba siku mbili.

"Alirudi hana hata hasira. Akaniuliza, 'Mama, uliyanusa?' Niliona aibu, nikamwaga nyungu," anakumbuka.

Wiki hiyohiyo Namunyak, aliyekuwa akipita kuuza maziwa, aliokota majani yaliyobaki, akakunja pua na kusema yananuka kama maji ya dimbwi. Tangu siku hiyo, hakuna jani linaloingia kwenye nyungu bila yeye.

Bi. Siwema ana mipaka mingine. Asiyepata nafuu kwa siku tatu hampokei tena. Mwenye homa au jicho lililovimba hamfukizi hata mara moja. Anamwambia aende hospitali, na wengi huchagua Berega. "Mimi nafukiza, sipasui," anasema.

Sasa anaweza kumpoteza Namunyak. Mwezi uliopita ng'ombe waliingia kwenye mahindi, na wakulima wengi wanataka wafugaji wahame. Mume wa Namunyak, Saibulu, ameshaanza kuulizia malisho upande wa Mikumi. Alhamisi hii mkutano wa kijiji utaamua.

Bi. Siwema amejiandaa. Nyuma ya nyumba ameotesha matuta manne ya mvumbasi, kila mche umepita puani kwa Namunyak. Mwakani hatahitaji kuchuma porini.

Hata hivyo Alhamisi atasimama kuzungumza, ingawa mahindi yake pia yaliliwa.

"Nitasema walipe, wasiondoke."

Lakini kama matuta yapo, kwa nini agombane na wakulima wenzake?

Kwa mara ya kwanza asubuhi hii hana utani.

"Mwaka jana nililala na homa, jiko likashika moto. Moshi ulikuwa mle ndani na mimi, sikuusikia. Namunyak aliusikia akiwa barabarani, akatupa maziwa yake akaja kunitoa. Mwanangu, mtu huyo nimwache afukuzwe kwa ajili ya mahindi?"