Gari la Jeneza na Bwate ya Mzee Akilimali

Hebu mwone Twahiru akifika. Anatoka Gihundwe kwa miguu, asubuhi, pikipiki za abiria zikimpita na kumpigia honi, naye hata hageuki. Bega lake la kulia limeshuka kuliko la kushoto. Ni miaka chungu nzima ya kulala chini ya magari ya watu, akikaza nati zilizo juu ya uso wake. Anaingia katika karakana yake, nyuma ya soko la Kamembe, mji wa mpakani, anaweka chini kifurushi cha chakula, anaegemea pikapu nyeupe iliyosimama pale, na anashusha pumzi kama mtu aliyemaliza kazi, kumbe ndiyo kwanza anaanza.

Pikapu ile ni ya msikiti wa mtaa. Ndiyo inayobeba jeneza. Ilikuja na injini ya esansi, yaani petroli, ikatumika, ikazeeka nayo, mpaka siku moja katikati ya mlima wa makaburini ikakohoa na kunyamaza. Wanaume wakavua viatu, wakakunja kanzu, wakaisukuma hadi juu, maiti akiwa ndani. Aibu ile haikusahaulika. Ijumaa iliyofuata watu wakakubaliana: tuiwekee injini ya mazutu, yaani dizeli, yenye nguvu. Twahiru akainua mkono akasema kazi ya kuifunga ataitoa sadaka.

Uchovu wake ulianzia hapo, kwa sababu kila mtu naye akataka thawabu.

Fundi akibadilisha injini hutafuta vifaa vinavyoifaa. Twahiru yeye aliletewa. Dereva mmoja wa basi alileta rejeta pana kuliko pua ya gari. Honi zilikuja tatu. Na kitu cha sadaka unakirudishaje? Utamwambiaje mtu aliyekibeba kichwani kwa ajili ya Mungu kwamba hakitoshi? Basi Twahiru akakata, akachomelea, akasogeza hiki ili kipite kile. Alipomaliza kimoja, mlangoni amesimama mtu na kingine.

Injini yenyewe ilitoka kwa Mkatoliki. Maman Antoinette, mwenye kuvuka mpaka kila siku kutoka Bukavu na vitenge vyake, alikuwa na pikapu ya mazutu iliyopinduka upande wa pili. Bodi ilikunjamana, injini ikabaki nzima.

"Mama yangu alifia huku," alimwambia Twahiru. "Gari yenu ndiyo ilimufikisha ku daraja ya mpaka. Hakuna muntu aliniuliza ninasalia wapi. Mutwae moteri."

Injini ile ilikuwa nzuri. Twahiru aliing'oa ya zamani, akatengeneza viegemeo vipya, akalipunguza kwa chini bakuli la oili lililokuwa linagusa ekseli. Ndipo akaja Mzee Akilimali, muuza vitambaa, akisukumiwa toroli. Ndani ya toroli kulikuwa na sanduku la gia la pikapu yake ya zamani. Bwate, kama tunavyoiita huku. Hakuileta kimyakimya. Baada ya swala alisimama mbele ya watu msikitini, akasema:

"Hii bwate ninaitoa kwa jina la mama yangu. Kila maiti atakayebebwa, thawabu imufikie kule aliko."

Watu wakaitikia amina. Twahiru naye akaitikia amina, kabla hajaifungua.

Alipoifungua, alikuta meno ya gia ya pili yameliwa. Hakukata tamaa. Alibadilisha beringi, akachonga bamba la chuma la kuiunganisha na injini kwa kuwa matundu ya bolti hayakulingana, akapakia mifuko ya mchanga nyuma, akaenda kuijaribu mlimani. Akatia gia ya pili. Ikaruka. Fimbo ya gia ikarudi katikati, gari likaanza kurudi nyuma, akalikamata kwa breki. Akajaribu tena, ikaruka tena. Gari la viazi unaweza kumwambia dereva aishikilie fimbo kwa mkono. Gari la jeneza, lenye watu wanaotembea nyuma yake mlimani, hapana.

Aliishusha ile bwate, akakaa juu yake, akala chakula chake bila kujua anakula nini. Antoinette akamkuta hapo, akamwita kwa jina la mwanawe.

"Papa Umwali, mbona uko hivyo? Moteri yangu ilikuwa na bwate yake. Si iko kwa kaka yangu Bashige? Kuku zinalalaka juu yake."

"Na ulinyamaza, Maman Antoinette?"

"Mulikuwa munasema ya Mzee, ya Mzee. Mimi nani?"

Aliileta mwenyewe, imefungwa ndani ya gunia lililolowa oili, akafika anacheka hadi anashika mbavu. "Kule ku mpaka, douanier mmoja, muntu wa forodha, aligusa gunia, akaniuliza, maman, hii ni nguruwe? Nikamuambia, papa, fanya adabu, hii inaenda msikiti!"

Ikaingia. Tangu kazi ile ianze, hicho ndicho kitu cha kwanza kilichoingia bila kupigwa nyundo. Mlimani gia ya pili ilishika na haikuachia. Twahiru akaisukuma bwate ya Mzee Akilimali chini ya meza ya kazi, akaifunika kwa turubai.

Sasa ilibaki kumwambia mwenyewe.

Mzee alipita kila siku. "Fundi! Bwate ya mama imefika wapi?"

"Tunaendelea, Mzee."

"Musiiharakishe. Hiyo ni ya muntu muzima."

"Hatuiharakishi, Mzee."

Kila mara neno lilimfika Twahiru kooni. Lakini kila mara alikuwa ndiyo kwanza ametoka chini ya gari, mgongo unawaka. Habari kama ile huimwagi ukiwa umesimama. Itabidi umkalishe mzee, uagize chai, usikilize historia ya marehemu tangu mwanzo, uvumilie akinyamaza. Twahiru hakuwa na nguvu ya kuvumilia kimya cha mtu. Kesho, alijiambia.

Jioni mkewe, Uwamwezi, alikuwa anammiminia maji ya kunawa.

"Ulimuambia?"

"Kesho."

"Unaogopa."

"Siogopi, Mama Umwali. Nimechoka."

"Moteri nzima unainua. Maneno matano ndiyo mazito?"

"Nimuambie nini? Kwamba mama yake hana nafasi kwa gari?"

"Umuambie meno yameisha, basi. Hata huyo mama, alipokufa, alikuwa na meno gani?"

Wakacheka wote wawili, kata ya maji ikimtoka Uwamwezi mkononi. Twahiru ndiye aliyeacha kucheka kwanza. Akaahidi: Ijumaa, baada ya swala.

Alhamisi mama mmoja wa Gihundwe akafariki. Gari likahitajika alasiri ile ile.

Twahiru aliendesha mwenyewe, kwa kuwa hakuna mwingine aliyekwisha kuizoea injini mpya. Kiti cha mbele, kando yake, akaketi Mzee Akilimali, nani angemnyima? Walipofika chini ya mlima Twahiru akatia gia ya kwanza, halafu ya pili. Injini ikanguruma kwa sauti nzito, watu wakifuata polepole nyuma, na gari likapanda bila kusita. Mzee aliinama akaweka kiganja kwenye sakafu ya gari, pale gia zinapotetemeka.

"Unasikia?" alisema taratibu. "Unasikia mama anavyopanda?"

Twahiru alitazama barabara tu.

Walipokwisha kuzika, watu wakiwa bado wanapangusa udongo mikononi, Mzee alimfuata. Akamshika mkono mbele ya wote, na hakuuachia.

"Twahiru, mwanangu. Mama alinilea peke yake, na alipokufa nilikuwa mbali, sikumuzika mimi. Miaka yote nilisema sijamufanyia kitu. Leo nimemubeba. Wewe ndiye uliifungua ile bwate. Niambie, uliikuta nzima?"

Watu waligeuka kumtazama fundi wao, wakitabasamu, wakingoja jibu lililo wazi. Mgongo ulikuwa unamuuma. Mkono wa mzee ulikuwa mwepesi na mkavu ndani ya mkono wake unaonuka mazutu.

Wewe unayesoma, kama ungekuwa ndiwe uliyesimama pale, ungemjibu nini?