Kila Mutoto Alinipa Kikwembe cha Chama Chake

Admin, nakusalimia wewe na wote wenye kusoma. Jina langu lifiche, ijapokuwa watu wa Kisangani watanijua tu kwa ile robe, gauni nitakalowaeleza. Mimi ni mama wa miaka hamsini na sita, mjane. Masomo yangu yaliishia la sita primaire, lakini nisikilizeni vizuri: nimezaa watoto wawili, na wote wawili wana diplôme ya université. Zimetundikwa pa ukuta wa salon yangu, pale pa kupokea wageni. Mutu akiingia kuomba maji, lazima azione kwanza. Ni pondu, majani ya muhogo, ndiyo iliyowasomesha. Mimi ni présidente wa wamama wenye kuuza pondu katika soko letu, na hakuna mwenye kuitwanga laini kunipita, muulize yeyote.

Mukubwa wangu, mwanaume, ni avocat, wakili wa tribunal, iko katika chama chenye kutawala. Mudogo wake, binti yangu, ni mwalimu wa lycée, iko upinzani. Zamani walikuwa wanabishana juu ya sahani ya fufu huku wanacheka. Tangu kampeni ianze, mmoja akiingia, mwingine anatoka. Binti anamwita yaya wake, huyo kaka yake, "mupiga makofi wa wakubwa." Yeye anamjibu, "Na wewe, fundi wa kulalamika!"

Mimi na wamama wangu tuko katikati. Si kwamba hatuna akili. Tunasikiliza huyu, tunasikiliza yule, halafu tunarudi kwa majani yetu. Donc wote wawili wakanifuata.

"Mama, ukisema neno moja, soko lote linafuata," mukubwa aliniambia. "Wa kwetu tayari ni wa kwetu. Wa upinzani hatuwapati tena. Waliobaki ni ninyi."

Kesho yake binti akaja na maneno yale yale, kama vile walifundishwa na mwalimu mmoja. Kila mmoja akaniachia kikwembe cha chama chake, kipande kimoja tu cha kitenge, chenye uso wa kiongozi wake.

Mama Fatuma, rafiki yangu mwenye meza ya samaki wakavu pembeni yangu, akacheka mpaka akashika kiuno. "Présidente, hawa watu wanakuja kwetu na haut-parleur, kutupigia kelele! Mwenye kunitaka akuje na kiti. Akae, aniulize mvua ikinyesha ninaficha samaki wapi. Wa kwanza kuniuliza, ninampa kura, na samaki juu yake."

Hakuna aliyeuliza. Hata wangu, pamoja na diplôme zao.

Bon. Hapa ndipo nilipokosea. Mimi si mama wa kukonda, Mungu alinipa mwili. Kipande kimoja hakinitoshi. Nikapeleka vyote viwili kwa couturier, nikamwambia: upande wa kuume cha mukubwa, upande wa kushoto cha binti, mshono upite katikati ya kifua. Akaniuliza, "Mama, uko na hakika?" Nikamjibu, "Wote walitoka katika tumbo hili. Wewe shona."

Nikaivaa dimanche, misa ya pili. Nilitembea ninajivuna, wapendwa, siwafichi. Nilifikiri watoto wataniona, watacheka, tutarudi nyumbani kula pamoja.

Watu wakapiga picha. Chakula cha mchana kilikuwa hakijaiva, na picha tayari ilikuwa imezunguka mji mzima, chini yake wameandika: "Mama huyu anakula kwa sahani mbili."

Mukubwa alikuja jioni. Hakukaa. "Mama, kwa comité ya chama wananiuliza kama mama yangu anawacheka. Umeniharibia." Binti yeye alipiga simu. "Mama, umenishona pamoja na watu wale?" Nilitaka kumwambia kwamba watu wale ni yaya wake. Alishakata simu.

Sasa, samedi, Jumamosi ya juma lijalo, wakwe wanaleta mahari ya binti yangu. Baba yao alishakufa. Tonton wao, mudogo wa baba yao anayekaa Yahuma, ni mugonjwa, alituma neno kwamba mukubwa ndiye atakaa pa nafasi ya baba na kupokea. Asipokuwepo, hakuna wa kupokea, wakwe watarudi na mbuzi wao. Mukubwa anasema atakuja, ila kwanza nisimame sokoni, mbele ya wamama wote, niseme niko upande wake. Binti anasema siku nitakaposimama huko, mahari tupokee sisi wenyewe, yeye hatatoka chumbani.

Sijalia. Hilo ndilo linanishangaza. Siku moja waling'oa jino langu, wakanichoma sindano ya ganzi, nikawa ninashika shavu kama ni la mutu mwingine. Hivyo ndivyo niko. Ninatwanga, wateja wanasifu, ninasema asante. Jana nilisahau kutia chumvi katika chakula changu, nikamaliza sahani yote, ndipo Mama Fatuma alionja mabaki ya sufuria akaniambia.

Yeye ndiye aliyenishauri niirudishe robe ifumuliwe, labda watoto watapoa. Nilikwenda. Couturier akaigeuza ndani nje, akafuata mshono kwa kidole. "Kufumua ninaweza, mama. Ila nilishakata. Upande wowote utakaochagua, hautakufunika."

Nikaibeba, nikarudi. Iko inaning'inia pa musumari, kati ya diplôme mbili.

Wapendwa, ninyi mulio mbali na kampeni yetu munaweza kuona kitu ambacho mimi sikioni. Nisimame sokoni nimpate mukubwa, nimupoteze binti? Ao ninyamaze, wakwe wakute kiti cha baba kitupu? Semeni yote, nitasoma moja moja. Lakini musinitukanie watoto. Ni watoto wazuri sana, wa akili, kila mutu katika avenue yetu anajua. Nishaurini, mama yao nifanye nini?