Sifa Niliyoiweka Mkiani

Siku yangu ya kwanza gazetini, Mhariri Mkuu hakunisalimia hata. Aliichukua habari yangu, akashika mkasi, akakata aya mbili za mwisho na kuzitupa kapuni. "Tangazo la sabuni limeingia," akasema. "Tangazo likija tunakata mkia. La maana liweke kichwani, umesikia?" Nilisikia. Magazeti binafsi ndiyo kwanza yalikuwa yanachipua, na matangazo ndiyo yaliyotulisha.

Baadaye nikapelekwa Dodoma kuwa mwandishi wa mkoa. Mke wangu alikataa kuhama Dar es Salaam, nikapanga chumba kimoja, nikawa najipikia na kula peke yangu. Bunge likikutana nilipata watu wa kuongea nao. Likiahirishwa nilibaki mimi na vumbi. Nilikuwa mpweke, niseme ukweli, na sikumwambia mtu.

Ili siku zisogee, nikaanza kuandika uhakiki wa kanda za muziki. Ndipo akaja Mwalimu Tabitha, kwa basi kutoka Mpwapwa, na kanda aliyoirekodi yeye na gitaa kavu tu, lile lisilotumia umeme.

"Mwenye studio anasema mkiisifu gazetini atanirekodi tena," akaniambia. "Msipoisifu, Mwandishi, narudi kwenye chaki zangu na yameisha."

Niliisikiliza siku tatu mfululizo. Nyimbo sita, hakuna bendi, hakuna kibwagizo cha kuchezeka. Katika mmoja aliimba habari ya mtu anayepika chakula cha mmoja, akajisahau, akajaza sufuria. Nilizima redio kaseti nikalia, mtu mzima na ndevu zangu.

Sasa kosa langu. Nilitaka sifa ije taratibu, imkute msomaji ameshatulia. Nikaanza na dosari: sauti nyembamba, mikwaruzo, nyimbo ambazo hakuna atakayezipiga harusini. Sifa zote nikaziweka mwisho. Mimi huyo huyo niliyefundishwa kwa mkasi. Nikampa kondakta wa basi la Dar bahasha ya makala aifikishe gazetini, nikabaki na nakala ya kaboni.

Gazeti lilipofika, chini ya makala yangu palikuwa na tangazo la betri. Aya tatu za sifa hazikuwepo.

Nilichukua ile nakala nikaenda Mpwapwa. Nilimkuta Mwalimu anasahihisha madaftari. Aliisoma mpaka mwisho, akaikunja vizuri, akanirudishia.

"Umeandika vizuri, Mwandishi. Lakini tumeisoma mimi na wewe tu."

"Nitawaomba waichapishe upya."

"Gitaa nimeshawapa wanakwaya," akasema, akarudi kwenye madaftari.

Mhariri wa Makala alinijibu kwa simu kwamba gazeti halirudii makala. Tabitha hakurekodi tena.

Nimestaafu sasa. Mke wangu hakuja, nami sikurudi Dar, na mpaka leo napika cha mmoja. Ninyi mnaoanza kazi hii, la maana liwekeni kichwani. Mimi leo naliweka mkiani kwa makusudi, kwa kuwa hapa hakuna wa kunikata. Aya ya mwisho ya nakala ile inasema hivi:

"Muda wote nimekaa katika mji huu nikidhani ukimya wa chumba changu naujua mimi peke yangu. Mwalimu huyu ameuimba, tena kwa upole. Sijapata kusikia kanda nzuri kama hii. Namwomba asiache."